Ndege wa Ukutani

Matema, Kyela
12 Mei 2024

Baba mdogo Ebeneza,

Shikamoo. Ugonile? Sisi huku ni wazima wote, isipokuwa simu ya baba, ambayo ilitumbukia ziwani siku alipokuwa akivuta wavu. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Mama anasema ni afadhali, kwa sababu barua haikatiki katikati ya salamu. Bibi Damari hajambo, anasumbuliwa na miguu tu. Mama amekuwekea mchele kutoka kwa ndugu zake wa Busale, anasubiri mtu anayekuja Dodoma.

Kilichonifanya niandike ni kwamba mradi wenu umefika. Nasema wenu kwa sababu nimeona jina la ofisi yako nyuma ya kijitabu. Jumatano wanafundishwa watoto, Jumamosi familia, na Jumapili baada ya ibada watu wazima. Anayefundisha ni dada Doreen kutoka Mbeya. Ni mpole na anajua mambo mengi, ila anaogopa kenge.

Kwenye somo la watoto alionyesha picha ya usipa, akamuuliza mtoto wa darasa la pili samaki huyu anaishi wapi. Mtoto akajibu, "Juu ya paa la jiko, kwenye ungo." Dada Doreen akamwambia si sahihi, na mtoto akaenda kuhakikisha. Kwenye somo la familia tulitembea ufukweni saa nzima bila kusema neno, tukiyasikiliza maumbile. Baba alikuja na wavu begani kwa mazoea, akarudishwa.

Mwezi wa kumi atachaguliwa Balozi Kijana wa Mazingira, naye atakwenda Dodoma wiki nzima kukutana na mabalozi wengine. Sijasema nataka. Nimesema tu kwamba yupo atakayekwenda.

Sasa, baba mdogo, kuna jambo la Ukutani. Dada Doreen ameweka vigingi na utepe kuuzunguka ule ukingo mrefu wa udongo, na hakuna anayeruhusiwa kuchimba. Kijitabu, ukurasa wa saba, kinasema hivi: "Ukingo huu haujaguswa na mkono wa binadamu tangu ziwa lilipoumbwa. Ndiyo maana ndege aina ya keremkerem huja kuzaliana hapa. Tuuache ulivyo."

Bibi aliniambia nimsomee mara mbili. Kisha akasema, "Basi mimi si binadamu. Nachimba hapo tangu nilipoolewa."

Jirani yetu Naomi akasema, "Labda wanahesabu mikono ya wanaume tu."

Walicheka sana. Baadaye nilimwona Bibi akihesabu vyungu alivyobakiwa navyo, na hapo hakuwa anacheka. Unajua kwamba wanawake hufungua udongo wa vyungu mvua zikiisha, mwezi wa sita. Naomba unijibu mapema. Mwaka huu watafungua wapi?

Mwanao mtiifu,
Tusajigwe


Dodoma
9 Juni 2024

Mwanangu Tusajigwe,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, na mama yako mdogo Janeth anawasalimu wote. Noah ameota jino la pili na anamng'ata kila mgeni. Pole kwa simu ya kaka. Mwambie safari nyingine aifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Nimefurahi kusikia watu wa nyumbani wameipokea programu. Kwenye andiko la mradi tuliandika kwamba jamii itaipokea, kwa hiyo ni vizuri kwamba imeipokea.

Kuhusu Ukutani, maeneo yote ya kujifunzia yalichaguliwa baada ya utafiti wa kina. Naomba akina mama wawe na subira. Vigingi ni vya muda. Muda wenyewe ni miaka mitano.

Mwambie mama, bibi yako, kwamba mwaka huu nitajitahidi kuja, kama nilivyosema mwaka jana. Soma kwa bidii. Mwandiko wako ni mzuri, na mabalozi wazuri huanzia hapo.

Baba yako mdogo,
Ebeneza


Matema
30 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia habari za jino la Noah. Bibi anasema na wewe uling'ata wageni, na mmoja wao alikuwa mchungaji.

Mvua zimeisha wiki tatu zilizopita. Bibi na wenzake wamekaa. Kwenye somo la watu wazima dada Doreen aliuliza, "Kwa nini tusichimbe ardhi ovyo?" Bibi akanyoosha mkono. "Na nikifa mtaniweka wapi, mwanangu?" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Dada Doreen akaandika kwenye daftari lake kwamba jamii inashiriki kwa kuuliza maswali.

Ninadhani aliyeandika kijitabu hakuambiwa jinsi kazi inavyofanyika, kwa hiyo naieleza hapa kama nilivyofundishwa kueleza, kwa mpangilio. Mvua huuporomosha ule ukuta, ukaota majani na utelezi. Mwezi wa sita wanawake hushuka alfajiri, mitumbwi ikishatoka. Huukata kwa sururu kuanzia juu kwenda chini, udongo mbaya ukaanguka na mzuri ukatokeza, na ukuta ukabaki umenyooka. Mitumbwi inaporudi, wanawake wameshaoga na udongo umeshafika nyumbani. Mwezi wa nane ndege huja na kutoboa matundu yao kwenye ule uso mpya. Bibi anasema ukuta wa zamani hawautaki. Udongo wake unabomoka, na majani yanampa nyoka ngazi.

Nilimuuliza baba kama anayajua haya. Akasema hajawahi kusimama pale chini maisha yake yote. Mwanaume akionekana kwenye udongo wa wanawake atataniwa mpaka uzee. Wao wanauona ukuta kutoka kwenye mtumbwi tu, na kutoka huko, baba anasema, unaonekana kana kwamba Mungu ameukata kwa kisu.

Naomi alijaribu udongo wa mabondeni, kule kwenye mashamba ya mpunga. Alifinyanga vyungu kumi na vinne. Kwenye moto vikapona viwili, na kimoja kinavuja.

Naomba kuuliza: aliyeandika ukurasa wa saba ni nani? Nataka kumwandikia kwa adabu. Nina hakika akijua atarekebisha.

Mwanao,
Tusajigwe


Dodoma
4 Agosti 2024

Mwanangu Tusajigwe,

Marahaba. Huku ni vumbi na upepo, lakini tunashukuru Mungu. Mama yako mdogo amepona mafua. Noah sasa anasimama akishikilia kiti. Mwambie mama kwamba habari ya mchungaji si ya kumweleza kila mtu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mpangilio ni mzuri, ila jihadhari na sentensi ndefu.

Kuhusu swali lako, kijitabu ni kazi ya timu. Mwandishi, kama yupo mmoja, bila shaka aliandika kile alichokiona kwa macho yake. Programu inazitambua changamoto za akina mama, na imewaandalia mafunzo ya kutengeneza sabuni.

Nakushauri usiwe na haraka ya kuuliza maswali, hasa mbele ya watu. Balozi Kijana huchaguliwa kwa nidhamu pia.

Baba yako mdogo,
Ebeneza


Matema
8 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Habari za vumbi? Sisi tunaendelea. Shule tumefanya majaribio na nimekuwa wa tatu. Hongera kwa Noah kusimama.

Bibi ametengeneza sabuni. Inapakika vizuri lakini haioshi. Amebakiwa na vyungu vitatu, na hivyo hataki kuviuza kwa sababu akiviuza atakuwa mtu asiye na chungu. Soko la Jumamosi pale Lyulilo bado anakwenda. Anakaa mahali pake pale pale, mbele ya mkeka mtupu, na watu wanaotoka mbali kutafuta vyungu wanamsalimia na kupita. Jumamosi iliyopita mwanamke mmoja alimuuliza, "Bibi, leo unauza nini?" Akamjibu, "Nauza mkeka, lakini nimeukalia."

Tarehe tano Oktoba itakuwa Siku ya Familia na Maumbile. Watakuja wageni kutoka Mbeya pamoja na watoto wao kuwaona keremkerem, na mgeni rasmi atakuwepo. Mimi nimechaguliwa kusoma ukurasa wa saba kwa sauti. Dada Doreen amesema nikisoma vizuri, ubalozi ni kama umeshapatikana. Nimekwisha kuukariri.

Tatizo ni ndege. Hawajaja. Ukuta umeota majani kuanzia juu mpaka chini, na upande mmoja umelala kama mtu aliyechoka. Kila siku dada Doreen anakaa chini ya mwavuli wake na darubini. Juzi aliniita pembeni, akaniambia polepole, "Tusa, niambie ukweli. Mwaka jana walikuwepo?" Nikamwambia walikuwepo wengi. Akauliza, "Sasa tumewakosea nini?" Nilifungua mdomo kumweleza. Kisha nikakumbuka ulichoandika kuhusu nidhamu, nikaufunga.

Tangu siku hiyo sijisikii vizuri. Yeye hajui, na wanawake wameshakata tamaa ya kumweleza kwa sababu kila wanachosema kinaandikwa kuwa ni swali. Kwa hiyo nakuuliza wewe: siku hiyo nisome, au niseme? Nitasubiri jibu lako. Naomba lifike kabla ya tarehe tano.

Jambo lingine ni dogo. Bibi anasema anamjua aliyeandika ukurasa wa saba. Nilipomuuliza ni nani, akasema, "Ni mtu aliyekuwa akikaa mbele kwenye mtumbwi wa babu yako, anahesabu ndege badala ya kupiga kasia." Sikuuliza zaidi.

Mwanao,
Tusajigwe


Dodoma
20 Septemba 2024

Tusajigwe,

Marahaba. Nina safari za kikazi, naandika kwa kifupi. Soma kama ilivyoandikwa. Mambo ya udongo tutayaangalia mwaka kesho wageni wakishaondoka na mradi ukishatulia. Hongera kwa kuwa wa tatu.

Sikuelewa ulichoandika kuhusu mtumbwi.

Ebeneza


Matema
13 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini safari zako zilikwenda salama. Bibi, baba na mama wote wanakusalimu.

Barua yako ya tarehe 20 Septemba imefika jana, wiki moja baada ya sherehe. Siku yenyewe ilipofika niliamua kwamba usiponijibu maana yake umeniachia mwenyewe. Nimeisoma jana nikaona sivyo. Nisamehe.

Wageni walikuwa wengi. Watoto wao walipewa fulana zenye picha ya keremkerem. Nilisimama mbele ya ukuta na karatasi yangu, nikaanza: "Ukingo huu haujaguswa na mkono wa binadamu." Kabla sijamaliza, mtoto wa mgeni mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, ndege wako wapi?" Mama yake akamwambia, "Shh, wanasomwa."

Lakini watu walishasikia. Mgeni rasmi alimtazama dada Doreen. Dada Doreen akanitazama mimi. Nikaikunja karatasi.

Nilisema hivi, nayaandika kama nilivyoyasema: "Wageni wetu, kijitabu hiki kiliandikwa na mtu anayewapenda sana ndege hawa. Lakini aliwaona kutoka ziwani, na kutoka ziwani mikono haionekani." Kisha nikaeleza kazi ya mwezi wa sita, kama nilivyokuandikia wewe, nikijihadhari na sentensi ndefu.

Mgeni rasmi aliwauliza wavuvi kama ni kweli. Walitazama mchanga. Baba akasema, "Mheshimiwa, sisi hatujui. Saa hizo huwa tuko ziwani." Naomi akapaza sauti kutoka nyuma, "Sadoki! Miaka yote hiyo mboga yako inapikwa kwenye nini?" Wanawake walipiga vigelegele, na baba akaendelea kutazama mchanga.

Bibi naye aliitwa mbele. Alimwambia mgeni rasmi, "Baba, nipe sururu na ruhusa. Ndege wasipokuja, sisi tutakuwa na vyungu. Sasa hivi hatuna hiki wala kile." Kisha akamwambia ahakikishe ni kabla ya mvua, kwa sababu udongo uliolowa mvua hauchimbiki, na mwaka mzima utakuwa umekwenda.

Dada Doreen aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, nikampa yangu. Alinishika bega. Jioni alitangazwa Balozi Kijana. Ni mvulana kutoka Mbugani, alikariri shairi la kupanda miti. Alikariri vizuri sana. Mimi nilipiga makofi kama wengine, na mengine niliyafanya nyumbani.

Kama nimekuharibia kazi, naomba radhi. Sikutaja jina la mwandishi. Silijui.

Mvua zinakuja mwezi ujao.

Mwanao,
Tusajigwe


Dodoma
27 Oktoba 2024

Mwanangu Tusajigwe,

Marahaba. Sisi wazima. Noah ametembea hatua nne, akakaa.

Ripoti ya Doreen ilifika ofisini. Ina kurasa kumi na mbili, na tisa kati ya hizo ni maneno ya mama. Kimeitwa kikao. Niliulizwa kama ninamfahamu mwandishi wa ukurasa wa saba, nikasema ninamfahamu kidogo.

Usiku ule nilizungumza naye. Anasema alikuwa na miaka tisa na aliupenda ule ukuta kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Anasema alikula kwenye vyungu vya mama yake miaka kumi na minane, na hakuwahi kujiuliza udongo unatoka wapi. Nilimuuliza kwa nini hakukujibu mwezi wa sita, ulipomweleza kila kitu kwa mpangilio. Nadhani aliona ni rahisi zaidi kusahihisha sentensi zako.

Sasa kuhusu kikao. Kwa mujibu wa hati ya mradi, uchimbaji hauwezi kuruhusiwa Ukutani. Lakini ukarabati wa makazi ya ndege unaruhusiwa, na hata unahimizwa. Kwa hiyo akina mama wataukarabati ukuta kwa sururu, kuanzia juu kwenda chini. Udongo utakaoanguka utahesabiwa kuwa mabaki ya ukarabati, na ni lazima wauondoe eneo hilo siku hiyo hiyo, waupeleke wanakojua wenyewe. Hilo la mwisho nililiandika mimi.

Kuna sharti moja. Kabla ya kuanza watapewa mafunzo ya siku tatu ya namna ya kukata ukingo. Nilijaribu siku ziwe mbili, nikashindwa. Barua rasmi imetumwa kwa Doreen leo kwa basi.

Nafasi ya balozi imeshajazwa. Ningeweza kuzungumza na watu, sikuzungumza. Nilisema moyoni kwamba ni kuogopa upendeleo. Sina hakika.

Ebeneza


Matema
17 Novemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Ndaga fijo kwa barua, na hongera kwa hatua nne. Hapa kwetu wote wazima. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, na Bibi aliitazama bila kuinuka wala kuhangaika.

Udongo umefika nyumbani. Umejaa uani, marundo saba chini ya majani ya mgomba, na kwa Naomi marundo sita.

Mafunzo yalikwenda hivi. Siku ya kwanza mwezeshaji alieleza sehemu za sururu. Siku ya pili aliwaonyesha wanawake mahali pa kusimama, na alisimama chini ya ukuta. Naomi alimvuta shati, na bonge likaanguka pale alipokuwa. Akaandika kwamba washiriki wameonyesha uelewa wa hali ya juu. Siku ya tatu walipewa vyeti. Cha Bibi kimeandikwa "Mkarabati wa Makazi ya Ndege, Ngazi ya Kwanza." Amenituma nikuulize ngazi ya pili wanachimba nini.

Siku ya kazi yenyewe dada Doreen alishuka alfajiri pamoja nasi, peku, bila mwavuli. Alibeba udongo kichwani, ukamwangukia mgongoni, akarudi kuchukua mwingine. Wanawake walimwita kila jina. Sasa anaitwa Mkarabati Mdogo, na anaitika.

Ndege mwaka huu hawakuja. Bibi anasema ukuta uko tayari, na wenyewe wana akili zao. Tutajua mwezi wa nane. Mimi nadhani watakuja.

Kijitabu kitachapwa upya, na dada Doreen ameniomba niandike ukurasa wa saba. Kazi hiyo haina safari wala fulana. Nimeshaandika sentensi ya kwanza mara tano, kila mara naikata kwa sababu inaanza na ndege. Leo nimeianza na mitumbwi inayotoka, naona inakubali.

Naomba umfikishie mwandishi wa zamani salamu zangu. Mwambie nilikasirika kidogo, siku mbili hivi. Mwambie Bibi hana kinyongo, ila anataka aje mwenyewe, alfajiri, asimame pale chini. Watu watamtania, hilo halina dawa. Baba ameshaanza kutunga matani ya kwake.

Jingine ni kwamba udongo haukuletwa nyumbani wote. Mzigo mmoja Bibi ameuacha pale pale chini ya ukuta, mzito, ameufunika, na amekataza mtu yeyote kuubeba. Kila siku ninashuka kuumwagia maji usikauke. Jana nilimwambia, "Bibi, huenda huyo mtu asije."

Akasema, "Wewe peleka maji."

Mwanao,
Tusajigwe